Maji ya Kumwekea Mungu

Kama hukuwahi kumsikia Nkeshimana akisema na Mungu shambani, basi hujui kelele ni nini. Si kunong'ona kwa macho yaliyofumbwa, hata! Mwanamke yule alisema na Mungu kama mtu anavyosema na jirani aliye upande wa pili wa ua. Jembe juu, jembe chini, na maneno katikati: "Imana, umeona muhogo huu? Umeuangalia vizuri? Haya, mvua iko wapi? Minye sikuombi ziwa zima, ninaomba mvua ya kulowesha vumbi tu!" Watu waliopita kwenye barabara ya kwenda Luvungi walisimama waone anagombana na nani. Wakakuta mjane peke yake katikati ya shamba, ameshika kiuno, uso ameuelekeza juu, anangoja ajibiwe.

Mwaka ule wa 1955 alikuwa na haki ya kugombana. Mvua za Februari zilikuja siku mbili tatu, zikakata. Pamba ya uwanda mzima wa Ruzizi ilikauka ikiwa bado haijafika magotini, na visima vikabaki matope. Wanawake wakawa wanashuka mpaka mtoni penyewe, wanachota kwa haraka huku mmoja wao akiangalia mamba. Kila nyumba ilipima maji kama inavyopima chumvi.

Kwa Nkeshimana ukame ule ulikuja juu ya mengine. Mume wake Térence alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Na mtoto hawakupata, hata mmoja, miaka zaidi ya ishirini ya ndoa. Pale kijijini mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, hata kama mtoto mwenyewe ameshaota ndevu. Yeye aliitwa Nkeshimana tu, au muke wa Térence. Watu hawakuwa na nia mbaya, lakini kila salamu ya asubuhi ilimkumbusha.

Sasa sikiliza jambo lililomfanya, pamoja na shida zote hizo, atembee mwezi ule wa Aprili kama msichana anayengojea harusi. Alikuwa anakwenda kubatizwa! Térence alibatizwa kitandani, siku zake za mwisho, akafa uso umetulia. Tangu siku ile Nkeshimana alikuwa na hoja moja, na alimwambia kila aliyekuwa na masikio: "Térence amepita mulango ule. Minye nikipita mulango mwingine, tutakutana wapi?" Akaingia mafundisho. Akasoma pamoja na watoto waliomcheka alipokosea, naye akacheka pamoja nao. Na Padri wa misheni alikuwa amesema Pasaka hii ndiyo yake.

Kikwembe cheupe cha kujifunga siku hiyo alishaazima. Jina alishachagua: Consolate. Alilisikia misheni, akauliza maana yake, akaambiwa ni mtu aliyefarijiwa. Akapiga makofi hapo hapo. "Hilo ni langu! Muntu asiliguse!"

Mwalimu wao alikuwa katekista Mathieu, mtu wa Makobola, mtoto wa wavuvi, aliyepelekwa uwandani na misheni pamoja na mkewe Apolline na mbuzi wao mmoja. Mathieu alikuwa mtu mwema. Alipiga pasi suruali yake hata wiki ya njaa, na hakuwahi kukosa kwenda kwa mgonjwa. Ila Kirundi hakukijua hata kidogo, na alifundisha kwa Kiswahili tu. Hapo ndipo yeye na Nkeshimana waligongana kila siku.

"Unaamini Mungu mmoja, Baba Mwenyezi?"

"Ego!" anajibu Nkeshimana kwa nguvu, maana kwa Kirundi ndivyo mtu anavyokubali.

"Mama, sema ndiyo."

"Ndiyo! Ego!"

Darasa zima linaangua kicheko, na Mathieu anashika kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mathieu hakulijua, kwa sababu lilifanyika nyumbani kwa Nkeshimana kila jioni, na kwa Barundi wa zamani lilikuwa la kawaida kama kufunga mlango. Akiisha kula na kuosha vyombo, alichukua chungu kidogo, akakijaza maji safi, akakiweka karibu na mafiga. Hayo ni amazi y'Imana, maji ya Mungu. Mama yake alimfundisha hivi: Mungu hufinyanga watoto watu wakiwa wamelala, na mfinyanzi bila maji atafanya nini? Basi nyumba ya mwanamke isilale kavu. Kesho yake jioni maji ya jana huingia kwenye mboga, na mapya huwekwa.

Aliyaweka tangu jioni ya kwanza ya ndoa yake. Mtoto hakuja, aliyaweka. Ndugu za Térence walipotaka aletewe mke wa pili, na Térence akakataa, aliyaweka. Térence alipozikwa, aliyaweka usiku ule ule, macho yamevimba. Na sasa kwenye ukame, wakati kila kata ya maji ilikuwa imepandishwa kutoka mtoni kwa mamba, bado aliyaweka.

Rafiki yake Pélagie, wa kabila la Wafuliiru, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa awe mama yake wa ubatizo, alimtania mpaka akachoka. "Nkeshi, weye na mvi hizo, Mungu akuletee mutoto sasa wa nini? Wa kukushikia fimbo?"

"Kuleta ni kazi yake," alisema Nkeshimana. "Kazi yangu ni maji."

Basi. Wiki ile ya mwisho kabla ya Pasaka, bakuli la maji ya baraka lililokuwa mlangoni mwa kanisa likakutwa kavu. Mathieu akalijaza kwa maji ya baraka ambayo Padri aliyaacha. Kesho yake kavu tena! Mathieu alikasirika mpaka sauti ikatetemeka. Ukame ni ukame, alisema, lakini mtu anayekunywa maji ya baraka ana moyo gani?

Na siku hiyo hiyo, tazama bahati mbaya ilivyo, Apolline alikuwa akipita kwa Nkeshimana kurudisha ungo. Jua lilikuwa kali. Aliingia, akaona chungu karibu na mafiga, akachukua kata achote anywe.

"Weka! Weka!" alipiga kelele Nkeshimana kutoka uani. "Usiguse hiyo! Iko maji ya Mungu! Ngoja nikupe mengine!"

Apolline aliweka kata taratibu. Hayo mengine hakuyangoja. Maji ya Mungu! Kwa Kirundi neno lile lingekuwa salama, kila bibi angelielewa. Kwa Kiswahili, kwa masikio ya mwanamke wa Makobola aliyemwacha mume wake akilia juu ya bakuli kavu, neno lile lilikuwa na maana moja tu. Apolline hakutembea kurudi nyumbani, alikimbia.

Mathieu alifika kabla jua halijageuka, na watu nyuma yake, maana mtu mwenye hasira hakosi wa kumsindikiza. Nkeshimana akafurahi! Alifikiri wamekuja kumuuliza maswali ya mwisho ya dini. Akajipangusa mikono, akasimama wima.

"Mama, chungu hiki kina maji gani?"

"Ya Mungu!" alisema kwa furaha.

"Nani amekupa?"

"Nani anipe? Minye mwenyewe ninaleta. Kila siku."

"Kila siku!" Watu wakashika midomo. "Na huogopi?"

"Nilikuwa ninaogopa mamba. Sasa nimezoea."

Mathieu alikunja uso. Mamba ameingiaje kanisani? "Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu nilipoolewa."

Hapo hata Mathieu aliona hesabu haziendi, maana Nkeshimana aliolewa kanisa lile likiwa bado pori. Pélagie, aliyekuja mbio unga mikononi, alikuwa anacheka mpaka analia. Akaeleza yote: mafiga, jioni, mfinyanzi. "Katekista, hapana iko maji ya kanisa! Iko mambo ya bibi zao!"

Heri asingesema. Uso wa Mathieu ulipoa upande wa wizi, ukawaka upande mwingine. Mambo ya bibi zao? Aliwaambia watu warudi makwao. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko hasira: "Mama, hayo ni ya kishenzi. Huwezi kushika huku na huku. Leo jioni uyamwage nje ya mulango, usiweke tena. Kama hapana, Pasaka utawaangalia wenzako."

Jua lilipozama Nkeshimana alisimama mlangoni na chungu mikononi. Alikuwa amekata shauri kumwaga. Nani angekosa ubatizo kwa ajili ya chungu? Térence anangoja upande wa pili wa mlango ule, na kinachotakiwa ni kuinamisha mikono tu. Akainua. Mikono ikakataa. Akainua tena, na machozi yakatoka, makubwa, yakamlowesha shingo.

"Imana," alisema, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele, "wanasema nikikuwekea maji siwezi kuwa mutoto wako. Minye sielewi. Siku zote ambazo sikuwa na mtu wa kusema naye, nilisema: leo yuko mmoja ambaye ataingia humu, acha nimwachie kitu. Hayo ndiyo yalinifikisha asubuhi. Sasa ukija leo ukute pakavu, utasema Nkeshimana amekwenda wapi?"

Akarudisha chungu mahali pake. Aliona wazi anachopoteza, akalia kama alivyolia siku ya maziko, kisha akalala.

Jumapili ya Pasaka aliamka jogoo wakiwa bado wanasinzia, akavaa kikwembe cheupe. Pélagie alishangaa. "Si umekataa kumwaga?"

"Nimekataa. Lakini nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimevaa vizuri."

Padri alifika kwa pikipiki, mzee Mzungu mwenye ndevu nyeupe zilizogeuka nyekundu kwa vumbi la barabara. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wameoga kwa maji ya mwisho ya nyumba zao, kwa maana siku kuu ni siku kuu, na asubuhi ile hapakuwa na mwanamke aliyeshuka mtoni. Wabatizwa walijipanga. Mathieu alimfuata Nkeshimana kwenye mstari.

"Ulimwaga?"

Angeweza kudanganya. Neno moja tu! "Hapana, Katekista."

Mathieu aliinamisha kichwa. "Basi simama nje, mama."

Alitoka, akasimama kando ya mlango, karibu na bakuli la maji ya baraka, kidevu juu. Pélagie naye akatoka, akasimama ubavuni kwake. Walipomwita aingie alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka altareni: "Mama wa ubatizo bila mutoto anaingia kufanya nini?"

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha, kukasikika kishindo nyuma ya kanisa, kwenye kibanda kilichowekwa mtungi wa maji ya ubatizo. Mtungi umepasuka! Watu wakageukia madirishani. Na mbele ya macho ya Padri, ya Mathieu, ya Apolline aliyevaa kilemba kipya, akatokea mbuzi wa katekista, ndevu zinachuruzika maji, amejaa raha. Akazunguka kanisa polepole, akafika mlangoni, akapita kati ya Nkeshimana na Pélagie kama mtu anayejua njia, akaingiza mdomo kwenye bakuli la maji ya baraka, akanywa mpaka chini.

"Mwizi huyo!" alipiga kelele Pélagie. "Mwizi huyo! Mutazame ndevu zake!"

Kanisa lilivunjika kwa kicheko. Watoto walipanda mabenchi. Apolline alificha uso kwenye kilemba. Mathieu peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa anaangalia ardhi ya kibandani ikinywa maji ya ubatizo, tone la mwisho likazama.

"Leteni mengine," alisema Padri.

Ndipo wakakumbuka. Mengine yapi? Huyu ameoga, yule amefua, yule amepika. Mtoni ni kwenda na kurudi mpaka jua la mchana, na Padri alikuwa anangojwa Katogota. Wakaulizana mstari kwa mstari, na kila mtu akatikisa kichwa. Kijiji kizima kililala kavu.

"Nyumba moja haikulala kavu!" Pélagie alikuwa ameshaingia katikati ya kanisa, mikono juu. "Padri, kwa Nkeshimana maji iko!"

Padri alimtazama mwanamke wa mlangoni mwenye kikwembe cheupe. "Utatupa?"

Na Nkeshimana, huyo aliyetolewa nje, alifikiri kidogo. "Padri, maji si yangu. Ngoja nimuulize mwenyewe." Akaondoka mbio, kikwembe amekipandisha, mvi zinaonekana, na sauti yake ilisikika njia nzima: "Imana! Wanataka maji yako! Nitoe? Nitoe? Haya, ninatoa!" Muda si muda alikuwa anarudi, chungu kichwani, anahema, hakumwaga hata tone.

"Unamwekea Mungu maji afanye nini?" aliuliza Padri.

"Afinyange mutoto."

"Amefinyanga?"

"Bado, Padri. Hana haraka."

Watu walicheka tena, lakini kidogo. Mathieu akasogea. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, na alisema mbele ya wote: "Padri, minye ndiye nilimtoa kwenye mstari. Kwanza nilifikiri ameiba, kumbe mwizi ninamfuga minye. Halafu nikamwambia ayamwage maji haya. Angenisikia, leo hakuna ambaye angebatizwa. Ninaomba abatizwe na wenzake."

Padri akatazama ndani ya chungu. Kisha akanyoosha mkono, akayabariki maji. "Mwisho wa mstari," alimwambia Nkeshimana. Alikimbia kwenda kusimama!

Ee, jinsi alivyoteseka pale mwisho wa mstari! Kila kichwa kilichoinama mbele yake alikihesabia maji. Mwanaume mmoja mwenye kichwa kikubwa alimwagiwa mpaka masikioni, na Nkeshimana akatoa mguno uliosikika benchi la pili. Zamu yake ilipofika Padri alitupilia mbali kata, akainua chungu chenyewe, akakiinamisha. Maji yalikuwepo. Yakamwagika kwenye mvi zake, yakashuka usoni, ya baridi, na Padri akasema kwa Kilatini maneno yanayosemwa juu ya kila mbatizwa.

"Consolate, ego te baptizo..."

Mengine hayakumwingia. Alisikia jina, na alisikia ego. Kwa Kilatini ni "mimi". Lakini nani alimfundisha Nkeshimana Kilatini? Miaka yote ile aliyouliza kila jioni bila kujibiwa, na sasa, maji yake mwenyewe yakimtiririka machoni, anaambiwa kwa Kirundi safi: Consolate, ndiyo.

"Ego!" alijibu kwa sauti iliyowashtua njiwa wa paani. "Ego! Ego!"

Mathieu alifungua mdomo kumsahihisha. Akaufunga.

Ni Pélagie aliyeona kwanza, akiwa bado ameweka mkono begani kwa rafiki yake. Aliangalia chungu kitupu, akaangalia kichwa kilicholowa, akapiga kigelegele ambacho watu wa Luvungi waliapa walikisikia. "Nkeshi! Amefinyanga! Mutoto ndiye weye! Mama Consolate! Mama Consolate!"

Wanawake wote wakadaka jina lile, wakaliimba mpaka barabarani. Halikumtoka tena mpaka uzee. Wageni walifikiri ni heshima tu ya kumwita mama mzima, na wengine wakauliza huyo mtoto Consolate anaishi wapi. Naye hujipiga kifua: "Ndiye huyu. Ameniumiza sana kumzaa."

Lakini jioni ile ya Pasaka, kabla ya hayo yote, alipita kaburini kwa Térence, nywele bado zina unyevu. Alipiga magoti kwenye vumbi na kikwembe cha kuazima.

"Térence," alisema, "amka usikie. Tumepata mutoto."

Kisha akachukua mtungi, akashuka mtoni na Pélagie kuchota, maana chungu cha karibu na mafiga kilikuwa kitupu na jua lilikuwa linazama.